Kasi ya piki kwenye gitaa la umeme: jinsi ya kuvuka nyuzi bila kukwama

Jijini Nairobi hawakosi wapigaji gitaa wanaoweza kucharaza uzi mmoja kwa kasi ya kusisimua, lakini wakakwama mara tu wanapohamia uzi wa pili. Utawakuta katika bendi za makanisa, katika makundi ya vijana wa roki na metali, na hata miongoni mwa wanaopiga benga kila mwisho wa wiki. Kwa kawaida huambiwa kwamba mkono hauna nguvu, au kwamba mazoezi hayajatosha. Ninashikilia kwamba mara nyingi nguvu wanazo tayari, na kwamba kasoro iko katika njia inayopitiwa na ncha ya piki inapoingia na kutoka kati ya nyuzi. Piki ninayoizungumzia ni kile kipande kidogo cha plastiki tunachochapia nyuzi, na mwongozo huu unafuata safari ya ncha yake kutoka mwanzo wa mpigo hadi mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu kasi yenyewe, kwa sababu wengi huiogopa bila kuipima. Metronomu ikiwekwa kwenye midundo 120 kwa dakika, nawe ukapiga noti nne katika kila mdundo, unapiga noti 8 kwa sekunde. Kwenye midundo 150 zinakuwa noti 10, na kwenye midundo 180 zinakuwa 12. Sasa weka gitaa kando, ulegeze mkono, na ugonge meza kwa haraka uwezavyo bila kukaza bega. Watu wazima wengi hufikisha mara tano kwa sekunde bila taabu. Kila kugonga ni kushuka na kupanda, na kwenye gitaa mwendo huo ni noti mbili, kwa hiyo mkono uliogonga meza mara tano umekwisha kutoa mwendo wa noti 10 kwa sekunde. Misuli haijakunyima kitu. Kinachobaki ni kuuleta mwendo huo kwenye nyuzi bila kuuharibu.

Vifaa, kwa ufupi

Piki laini ya milimita 0.46 au 0.60 inafaa kwa kusindikiza nyimbo, lakini ikienda kasi hupinda inapogusa uzi, na muda unaotumika kurudi katika umbo lake ndio muda ambao noti inayofuata ingekuwa imekwisha kulia. Chagua yenye unene wa kati ya milimita 0.88 na 1.5, na iwe na ncha badala ya mviringo. Wapo wanaojikatia piki kutoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76 na plastiki yake ni laini, kwa hiyo zitakuvusha siku ambayo piki imepotea, lakini usijifunzie kasi kwa kadi.

Seti ya nyuzi inayoanzia inchi 0.009 au 0.010 inatosha. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) kiwe kati ya milimita 1.5 na 2, na ikiwa gitaa lako liko juu zaidi ya hapo, mpelekee fundi alirekebishe kabla ya kuulaumu mkono wa kushoto. Nyuzi zenye kutu zibadilishwe, kwa maana ukwaruzaji wake hupunguza mwendo wa mikono yote miwili.

Kushika piki na mahali mwendo unapotokea

Shika piki kati ya tumbo la kidole gumba na ubavu wa kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada. Iminye kiasi cha kutoanguka tu. Sehemu inayotokeza nje ya vidole iwe milimita chache, na inayopita chini ya uzi iwe milimita moja au mbili, kwa sababu kila milimita ya ziada unayozamisha ni lazima uitoe tena kabla ya noti inayofuata. Kisha igeuze piki kidogo ili uzi ukutane na ukingo wake badala ya ubapa wake. Mgeuko wa digrii thelathini hivi unatosha. Piki iliyo bapa hukwama kwenye uzi kisha ikafyatuka, lakini iliyogeuzwa huteleza. Sauti itapata mkwaruzo mdogo, hasa kwenye nyuzi nene, na nadhani ni bei ndogo kuilipa.

Mwendo wenyewe unaweza kutokea kwenye kifundo cha mkono, kwenye kigasha kinapozunguka, kwenye kiwiko, au kwenye vidole vinavyoshika piki. Wapigaji hodari wapo wa kila aina, lakini kwa anayeanza ningependekeza kifundo, kwa sababu kinaweza kwenda kasi kikiwa kimelegea na hukuruhusu kulaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi nene karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwili wa gitaa, jambo tutakalolihitaji baadaye. Kiwiko kinatoa kasi kubwa kwenye uzi mmoja, na wengi hukigundua kwa bahati wanapojikaza, lakini kikitumika kwa kujikaza huchosha haraka na huwa kigumu kukielekeza penye kuvuka.

Jaribu hivi: zima uzi wa 3 (tunahesabu kuanzia uzi mwembamba kabisa) kwa kidole cha mkono wa kushoto ili usitoe noti, kisha uupige kwa piki kwa kasi ya kweli, kama ulivyogonga meza, kwa sekunde tatu au nne. Usianze polepole. Pumzika, badilisha kidogo namna mkono unavyolala, urudie. Unatafuta mlalo ambao mkono unakwenda kasi bila kuhisi kazi. Ukiupata, utazame kwa makini, kwa sababu ndio mwendo utakaoufanyia kazi kwa miezi ijayo.

Piki inapokwama

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Chukua uzi wa 3. Jirani yake wa upande wa sakafu ni uzi wa 2, na jirani yake wa upande wa kidevu chako ni uzi wa 4. Ikiwa ncha ya piki inakwenda sambamba kabisa na uso wa nyuzi, mpigo wa kushuka unaiacha ndani ya pengo lililo kati ya uzi wa 3 na wa 2, na mpigo wa kupanda unaiacha ndani ya pengo la kati ya uzi wa 3 na wa 4. Katika mapengo yote mawili piki imezingirwa. Madhali unabaki kwenye uzi wa 3, huhisi chochote, ndiyo maana uzi mmoja unakwenda vizuri. Lakini umepiga mpigo wa kupanda na sasa unataka kushuka kwenye uzi wa 2. Ncha iko upande usiofaa wa uzi wa 3, nayo haina budi kuinuliwa, kurushwa juu ya uzi huo na kuteremshwa tena. Mkono unaopiga sambamba hulitatua hilo kwa kuruka, na akili ikishazoea kwamba pengine kutakuwa na kuruka, huanza kuruka katika kila noti, hata zile zisizohitaji. Kigasha kinakaza, uchovu unaingia baada ya nusu dakika, na kasi inagota.

Mrekodi mtu wa aina hii kwa simu inayoweza kupunguza mwendo wa video, ukiielekeza kamera kando ya nyuzi kutoka upande wa daraja, na utauona mruko huo waziwazi. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfunza alikuwa na hakika kwamba tatizo lake ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Tulipoitazama video pamoja, kidole kilikuwa kimefika mapema na kutulia kwenye freti, na piki ilikuwa bado hewani ikichora upinde mkubwa juu ya nyuzi mbili.

Dawa yake ni kuulaza mstari wa piki. Badala ya kwenda sambamba na nyuzi, mpigo wa kushuka uelekee ndani, kwenye mwili wa gitaa, na mpigo wa kupanda uelekee nje, mbali na mwili huo. Kwa mwendo huu, kila mpigo wa kupanda unapokwisha, ncha iko hewani juu ya nyuzi zote bila kuinuliwa na mtu, nayo inaweza kushukia uzi wowote. Nitauita mwendo wa kutokea juu. Unaweza pia kuulaza kinyume chake, mpigo wa kushuka uwe ndio unaotoka nje na wa kupanda ndio unaozama, na huo nitauita mwendo wa kutokea chini. Hakuna ulio bora kuliko mwenzake. Kilicho muhimu ni kujua mkono wako unatokea wapi, kisha kuvuka nyuzi pale tu unapotokea.

Ili kupata mwendo wa kutokea juu kwa mkono wa kulia, egemeza mkono zaidi upande wa kidole cha mwisho, uache upande wa kidole gumba uinuke kidogo, na utaona kwamba piki imelala, kichwa chake kikielekea sakafuni. Kwa kutokea chini, laza kiganja bapa zaidi juu ya daraja, na kichwa cha piki kitaelekea kwenye dari. Mlalo ni mdogo mno. Ukiwa mkubwa kiasi cha kuonekana na aliyekaa mbele yako, umezidisha.

Hebu rudi kwenye jaribio la sekunde tatu na ujirekodi kwa video ya mwendo wa polepole. Wengi watagundua kwamba mkono wao tayari unalala upande mmoja bila kufundishwa. Anza na huo ulio nao.

Kuhesabu noti kwa kila uzi

Ukishajua mkono unatokea wapi, kupanga kifungu cha muziki kunakuwa suala la hesabu. Tuseme unatokea juu na unaanza kila uzi kwa mpigo wa kushuka. Uzi wenye noti mbili utakwisha kwa mpigo wa kupanda, vivyo hivyo wenye noti nne au sita, na katika hali zote hizo piki iko huru. Kwa hiyo idadi shufwa ya noti katika kila uzi ni salama. Skeli, yaani ngazi ya noti zinazofuatana, ya noti tano ya La ndogo katika freti ya 5, ambayo kila mpiga gitaa huijua, ina noti mbili katika kila uzi: freti ya 5 na ya 8 kwenye uzi wa 6, ya 5 na ya 7 kwenye nyuzi za 5, 4 na 3, kisha ya 5 na ya 8 kwenye nyuzi za 2 na 1. Ukiipiga kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, toka uzi wa 6 hadi wa 1 na kurudi, hakuna mahali utakapozingirwa. Ndiyo maana mtu mwenye mwendo wa kutokea juu anaweza kuwa na kasi ya ajabu katika skeli hii, kisha akashangaa kushindwa na skeli ya kawaida ya noti saba.

Skeli ya noti saba mara nyingi hupangwa noti tatu kwa kila uzi, na tatu ni witiri. Ukipishanisha mipigo bila kubadilisha, uzi wa kwanza unakwisha kwa kushuka, wa pili kwa kupanda, wa tatu kwa kushuka tena, na kwa hiyo kila baada ya uzi mmoja unajikuta umezingirwa. Ziko njia tatu za kutoka hapo.

Ya kwanza ni kuuteleza mpigo. Unapotoka uzi mnene kwenda mwembamba, yaani kuelekea sakafuni, piga kushuka, kupanda, kushuka, kisha uiache piki iendelee na safari yake hadi uzi unaofuata na kuupiga kwa kushuka tena. Mpigo wa kushuka wa mtu anayetokea juu huzama ndani na kutua kwenye uzi jirani wenyewe, kwa hiyo kuteleza huku hakumgharimu chochote. Jaribu skeli ya Sol kubwa: freti za 3, 5 na 7 kwenye nyuzi za 6 na 5, za 4, 5 na 7 kwenye nyuzi za 4 na 3, na za 5, 7 na 8 kwenye nyuzi za 2 na 1. Kila uzi unaanza kwa kushuka. Jihadhari na jambo moja: mpigo wa kuteleza huwa na pupa ya kufika mapema, na noti mbili zinazopakana nao hukaribiana kuliko zinavyopaswa. Metronomu itakuumbua.

Ya pili ni kuiachia noti moja mkono wa kushoto. Ukirudi kutoka nyuzi nyembamba kwenda nene, piga noti ya kwanza kwa kushuka, ya pili kwa kupanda, na ya tatu itoe kwa kuuvuta uzi kwa kidole kinachoondoka kwenye freti. Piki imekuwa hewani tangu noti ya pili, na ina nafasi ya kutosha kuusubiri uzi unaofuata. Yngwie Malmsteen wa Uswidi, ambaye kasi yake ilibadilisha matarajio ya wapiga gitaa miaka ya themanini, hupanga sehemu kubwa ya vifungu vyake kwa kanuni hizi: idadi shufwa, kuteleza anapokwenda nyuzi nyembamba, na kuvuta anaporudi. Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko distosheni, ule mkwaruzo wa sauti unaotiwa kwa makusudi kwenye gitaa la umeme. Django Reinhardt, aliyefariki mwaka 1953, alikuwa akianza kila uzi mpya kwa mpigo wa kushuka ulioegemea uzi jirani, huku kifundo kikiwa kimepinda.

Ya tatu ni kuufunza mkono utokee pande zote mbili, ncha ikichora upinde mdogo unaoinuka mwishoni mwa kila mpigo, au mlalo wa mkono ukibadilika kidogo katikati ya kifungu. Wapo wanaoufanya mwendo huu kwa uzuri mkubwa, lakini sishauri mtu aanzie hapa. Anayejifunza kutokea pande mbili kabla ya kuimarisha upande mmoja mara nyingi hurudi kwenye kuruka kulekule.

Mikono miwili kufika pamoja

Usafi hupotea mahali pengine pia: piki na kidole visipofika kwa wakati mmoja. Kidole kikichelewa, noti inakufa kabla ya kulia. Kikiwahi kuondoka, unasikia mlio wa uzi mtupu. Chukua zoezi hili kwenye uzi wa 1: freti ya 5 kwa kidole cha shahada, ya 7 kwa cha pete, ya 8 kwa cha mwisho, kisha ya 7 tena, na kurudia bila kikomo. Freti ya 5 iangukie kwenye mdundo kila mara na ipigwe kwa mpigo wa kushuka ulio na nguvu kidogo kuliko mitatu inayofuata. Mkazo huo ndio unaoiunganisha mikono. Katika noti 10 kwa sekunde huwezi kuongoza kila noti kwa fikira. Unaongoza noti ya kwanza ya kundi, na nyingine zinaifuata kama kitu kimoja. Mtu asiye na mkazo hupoteza mikono yake katikati ya kifungu na hajui ni wapi.

Likitulia, nenda kwenye nyuzi mbili. Piga freti za 5 na 8 kwenye uzi wa 2, kisha 5 na 8 kwenye uzi wa 1, urudie. Kisha kundi la noti sita: kwenye uzi wa 1 freti za 5, 8, 7, 5, 7, 8, halafu kwenye uzi wa 2 freti za 5, 8, 6, 5, 6, 8. Makundi haya yote yanakwisha kwa mpigo wa kupanda ukianza kwa kushuka. Mwenye mkono wa kutokea chini aanze kila kundi kwa mpigo wa kupanda, na mambo yatamnyookea vilevile.

Kuzinyamazisha nyuzi zisizopigwa

Gitaa la umeme lenye distosheni halisamehi. Distosheni hupandisha sauti ndogo hadi zikaribie kubwa, na uzi uliotikisika kwa kuguswa tu na kidole unaingia kwenye spika kama ngurumo. Kwa hiyo nusu ya usafi ni kupiga noti uzitakazo, na nusu ya pili ni kuzima nyingine zote.

Nyuzi nene kuliko ule unaoupiga huzimwa na mkono wa piki: ukingo wa kiganja hulala juu yake karibu na daraja, na husogea pamoja na piki unapohamia nyuzi nyembamba. Nyuzi nyembamba kuliko ule unaoupiga huzimwa na mkono wa kushoto: kidole cha shahada hakisimami wima kwenye freti, bali hulala kidogo ili tumbo lake liziguse bila kuzibana. Ncha ya kidole hichohicho nayo iguse kidogo uzi mnene ulio jirani. Ukiyaweka haya matatu pamoja, wakati wowote unapaswa kuwa na uzi mmoja tu ulio huru kulia. Jipime hivi: shika noti moja kwenye uzi wa 3, kisha uzikwaruze nyuzi zote sita kwa nguvu kutoka juu hadi chini. Ukisikia noti hiyo peke yake pamoja na mikwaruzo mikavu, mikono yako inafanya kazi. Ukisikia kitu cha kulia zaidi, tafuta ni uzi gani na ni mkono upi umeuacha.

Punguza distosheni kuliko moyo unavyotaka. Kifaa cha kukata kelele kinasaidia katika ukimya kati ya vifungu, lakini ukiwa unapiga kinakuwa kimefunguka, kwa hiyo hakiwezi kukusafishia noti. Wanaorekodi hufunga mpira wa nywele wa kitambaa karibu na freti ya 1 ili kuzima nyuzi tupu. Ni mbinu halali studioni, mradi kifungu hakina uzi mtupu, lakini uondoe mpira huo wakati wa mazoezi.

Anayeishi kwenye ploti au fleti yenye kuta nyembamba hufanya mazoezi bila amplifaya, na stima ikipotea hana hiari. Mazoezi hayo yana faida yake: gitaa la umeme lisilochomekwa hukuonyesha wazi kama kila mpigo wa piki una uzito sawa. Lakini halikuonyeshi hata kidogo nyuzi zinazolia pembeni. Kwa hiyo tafuta amplifaya ndogo ya vipokea sauti vya masikioni, na sehemu ya kila siku ipige ukiwa umechomeka, sauti ikiwa na distosheni kiasi.

Namna ya kufanya mazoezi

Ushauri ulioenea ni kuanza polepole kabisa na kuongeza metronomu midundo michache kila siku. Naukubali nusu. Polepole ndiko mahali pa kujifunza vidole viende wapi na mipigo ifuatane vipi. Lakini polepole mkono unaweza kuruka, kuzama na kukaza bila kukuadhibu, na ukiurudia mwendo mbovu kila siku, utakomaa nao. Kwa hiyo upate kwanza mwendo wa kasi, hata ukiwa mchafu, kisha upunguze kasi huku ukiulinda mwendo uleule: mlalo uleule wa piki, upana uleule wa mpigo, ulegevu uleule wa kifundo.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya vipande vifupi. Weka metronomu kwenye kasi unayoitaka, tuseme 140. Piga noti nne za mdundo mmoja na utue kwenye noti ya tano ambayo ni ya mdundo unaofuata, basi. Nyamaza midundo mitatu, sikiliza kumbukumbu ya ulichopiga, legeza bega, urudie. Kipande hicho kikiwa safi mara kadhaa mfululizo, piga midundo miwili na kutua, kisha minne. Kikichafuka, kifupishe badala ya kupunguza kasi, kwa maana mara nyingi kasi si tatizo. Tatizo ni ule uvukaji mmoja ulio katikati, na kipande kifupi kinakuonyesha ni upi.

Dakika kumi na tano mara mbili au tatu kwa siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi. Asubuhi za baridi za Julai, Nairobi hukupa vidole vilivyoganda. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na upige polepole dakika chache kabla ya kudai kasi. Uchovu wa kawaida wa misuli hauna neno. Maumivu makali kwenye kifundo au kiwiko, au ganzi vidoleni, ni amri ya kuweka gitaa chini siku hiyo, na yakiendelea, mwone daktari, kwa sababu kano zilizovimba huchukua muda mrefu kupona.

Jaribu usafi wako bila distosheni

Ukitaka mtihani wa kweli, zima distosheni na upige benga. Wapigaji wa benga walihamishia kwenye gitaa namna ya kupiga nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane, na matokeo yake ni vifungu vifupi vya haraka kwenye nyuzi nyembamba, sauti ikiwa kavu na angavu. D. O. Misiani na Shirati Jazz wake walijenga nyimbo nzima juu ya mtindo huo. Bendi za asili ya Kongo zilizofanya makao Nairobi, kama vile Super Mazembe na Les Mangelepa, nazo zina sebene ambamo gitaa la solo linarudia kifungu kimoja kwa muda mrefu wachezaji wakiendelea kucheza. Hakuna distosheni ya kuficha noti iliyokufa, na kifungu kikiwa na kuruka hata kumoja, kigasha kitakuambia kabla wimbo haujafika nusu.

Chagua kifungu kimoja cha namna hiyo, uandike freti zake kwenye karatasi, na chini ya kila noti uweke alama ya kushuka au kupanda. Zungushia duara kila mahali unapobadilisha uzi. Kama mkono wako unatokea juu, noti iliyo kabla ya kila duara inapaswa kuwa ya kupanda, isipokuwa pale unapoteleza kuelekea sakafuni. Kama si hivyo, tafuta noti hiyohiyo kwenye uzi mwingine, au ivute kwa mkono wa kushoto, au uanze kifungu kwa mpigo wa kinyume. Noti nyingi za katikati ya shingo zinapatikana katika zaidi ya uzi mmoja, kwa hiyo nafasi ya kupanga upya ipo karibu kila mara. Fanya kazi hii nyumbani kabla ya siku ya mazoezi ya bendi, kwa sababu ngoma zikishaanza utapiga kwa mazoea uliyokwisha kuyajenga, na hutakuwa na nafasi ya kubadilisha mipigo katikati ya wimbo.